Uji wa Mbwa wa Vingunguti

Nyuma ya machinjio ya Vingunguti, pale ukuta unapoishia na reli ya kati kuanza, kuna mtaa ambao Manispaa ya Ilala haikuuandika popote. Wakazi wake ni mbwa, paka, kuku, kunguru, na kila mwenye riziki yake katika utumbo unaomwagwa kabla ya jua kuchomoza. Mwenyekiti wa mtaa ni Bata Mzinga. Alichaguliwa kwa sababu shingo yake hubadilika rangi akiongea, na wapiga kura waliona hiyo ni dalili ya msimamo. Mtendaji ni Paka Shume, mwenye muhuri na kidau cha wino. Upinzani ni Nguchiro, peke yake, kwa kuwa ana tabia ya kuuliza maswali wakati wenzake wanasubiri chakula.

Ulinzi ulikuwa wa mbwa. Mtaa wenye afya huwa na mbwa mia tano hadi elfu moja na ushei, kila mmoja na banda lake lenye mlango. Kuuma si kazi yao. Waumaji wapo wengine, wenye shingo nene na akili fupi. Kazi ya mbwa hawa ni kuamka, kunusa na kubweka, ili muumaji ajue pa kupeleka meno. Pasipo na la kubwekea, mbwa hujifungia bandani akalala, na mlango wa mbwa aliyelala haufunguki kirahisi kutoka nje.

Ndipo akaja Panya. (Panya buku wa Morogoro, wale wanaofundishwa katika Chuo Kikuu cha Sokoine kunusa kifua kikuu na mabomu ya ardhini, wameniomba niandike kwamba huyu si ndugu yao. Nimeandika.)

Panya huyu hakuiba nyama. Aliiba mabanda. Mwizi wa kawaida akisikia mbwa anabweka hukimbia. Huyu alipenda kubwekewa. Mbwa akitoka nje mlango unabaki wazi, naye anaingia, anazaa humo, na watoto wakitoka banda linaanguka na mwenye banda chini yake. Basi kadiri ulinzi ulivyochachamaa ndivyo milango ilivyobaki wazi, na kadiri milango ilivyobaki wazi ndivyo Panya alivyoongezeka, na ulinzi ukazidi kuchachamaa.

Usiku wa kwanza hakwenda barazani kwa mwenyekiti. Alikwenda upande wa mabwawa ya majitaka, ambako tangu zamani mbwa walijazana kuliko kona nyingine yoyote, maana huko ndiko uchafu na mtaa vinakotenganishwa na ukuta mwembamba. Katika wiki chache mbwa wa ukutani walikuwa wamekwisha, na ukuta usio na wa kuulinda ukaanza kupasuka. Maji ya mabwawa yakachuruzika. Hayakuwa mafuriko ya Msimbazi, ya kuita magazeti na viongozi waliovaa mabuti. Yalikuwa tone, na tone, na tone. Lakini mbwa ana pua. Kila tone lilimwamsha mmoja, na yeye akawaamsha kumi. Mbwa wa Miembeni alianza, wa Kombo akaitikia, wa Mtakuja akauliza kuna nini, na mpaka alfajiri hakuna aliyejibiwa. Panya akaacha hata kubisha hodi. Uchafu ulikuwa unamfungulia milango.

Msomaji ameshanusa: mtaa ni mwili, mbwa ni chembe za CD4, mabwawa ni utumbo, na Panya ni VVU. Sioni sababu ya kuficha. Ninachotaka kishikwe mapema ni kwamba mbwa wengi wa mtaa ule hawakufa kwa kung'atwa na Panya. Walikufa kwa kukesha.

Dawa ya Panya ilikuwapo. Tangu mwaka 1996 mafundi wa ng'ambo walijua kuunda komeo la vyuma vitatu ambalo likitiwa mlangoni Panya hapiti, hata mbwa akitoka kubweka mara mia. Shida ilikuwa bei: zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Mwaka 2001 kiwanda cha Cipla cha India kikatangaza dola 350, na Kunguru, ambaye babu zake waliletwa Zanzibar kutoka huko huko India miaka ya 1890, hajaacha kutukumbusha mpaka leo kwamba waliotuokoa ni wajomba zake. Mwaka 2004 makomeo yakaanza kugawiwa bure Tanzania. Mtaa ukamtuma Mama Popi, mbwa jike mwenye watoto saba na sauti ya kuvunja glasi, aende bohari.

Karani wa bohari alikuwa binamu yake Paka Shume.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mmebaki mbwa wangapi?"

"Mia nne na ishirini, mzee wangu. Mwaka juzi tulikuwa mia saba."

"Hongereni. Rudini mkiwa chini ya mia mbili."

"Tukifika mia mbili si fisi atatumaliza?"

"Fisi akishaingia mtapewa kipaumbele. Imeandikwa hapa."

Nisimwonee karani. Makomeo yalikuwa machache, na wale waliokwisha kuanguka chini walikuwa wengi mlangoni kwake. Kumpa aliyesimama na kumwacha aliyelala ni ukatili pia. Isitoshe, makomeo ya miaka ile yalikuwa na kingo kali. Stavudini, mojawapo ya vyuma vile vitatu, iliwaacha wengi na miguu inayowaka moto na mashavu yaliyoingia ndani, mpaka jirani akawa anakusoma ugonjwa usoni kabla hujamsalimia. Daktari aliyesema "subiri kidogo" alikuwa na sababu. Ila sababu ile ilikaa kwenye daftari muda mrefu kuliko ilivyostahili, na daftari halikuwa na safu ya kuandika gharama ya kusubiri.

Miaka ikapita. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likapandisha kiwango kutoka 200 hadi 350, na utaratibu huo mpya ulipofika bohari yetu, Mama Popi akarudi. Karani akahesabu kwa mkia.

"Mko mia tatu sabini na wawili."

"Ndiyo."

"Mmekaribia sana. Pungueni ishirini na wawili."

Mama Popi akauliza kama kuna utaratibu wa kuwachagua hao ishirini na wawili, au mtaa ujichagulie wenyewe. Karani alidhani anatania.

Kikao kikaitishwa jioni hiyo chini ya mwembe, mtendaji akiandika, kuku wakijaza viti vya mbele kwa sababu waliambiwa kutakuwa na mahindi. Agenda ilikuwa moja: kama komeo hatupewi mpaka tupungue, tufanye nini tusipungue? Mmoja akasema mbwa waongezewe chakula. Mwingine akasema wapelekwe Loliondo, akakumbushwa kuwa kikombe kile cha mwaka 2011 kilipanga foleni ya magari ya kilomita nyingi na mbwa hawana gari. Bata Mzinga akasimama na shingo nyekundu, akatangaza kwamba amemwalika mtaalamu kutoka nje.

Mtaalamu alikuwa Tumbili wa msitu wa Pugu. Alishuka kwa treni, juu ya behewa, bila tiketi.

"Huyo Panya wenu," alisema, akimenya ndizi ambayo hakuna aliyemwona akiinunua, "kwetu yupo. Yupo tele. Mkihesabu panya wetu mtazimia. Siku za kwanza akiingia mbwa wetu hubweka kama wenu, wiki chache tu, halafu wananyamaza. Ukuta wetu wa majitaka mzima. Tunazeeka naye, tunazikwa na wajukuu."

Mtaa ukashusha pumzi. Kumbe inawezekana! Na Tumbili hakudanganya. Jamii ya tumbili wa Afrika hubeba kirusi kilicho ndugu wa VVU, tena kwa wingi wa kutisha katika damu, na hawaugui UKIMWI. Kinga yao hupiga yowe mwanzoni kisha ikatulia, na utumbo wao hauvuji. Kima wa Asia wakitiwa virusi vya namna hiyo maabara hawatulii, na hufa. Wanasayansi walipoona hivyo ndipo wengi walipoanza kusadiki kwamba kinachoua kwa sehemu kubwa ni kelele za miaka na miaka.

"Mliwafundishaje mbwa wenu kunyamaza?" akauliza Nguchiro.

"Hatukuwafundisha."

"Sasa?"

"Babu zetu ambao mbwa wao hawakunyamaza walikufa. Wakafa, wakafa, wakafa. Sisi ni watoto wa waliobaki."

"Kwa muda gani?"

Tumbili akatazama juu kama anayetafuta nyota. "Maelfu ya miaka. Sikuwapo. Na si kila mwenye mkia au asiye na mkia amefika huko. Binamu yangu Sokwe, wa Gombe kule Kigoma, watu walizoea kusema naye Panya hamdhuru. Mwaka 2009 waliokuwa wakiwafuatilia sokwe wale walitoa hesabu: aliyeingiliwa hatari yake ya kufa ni mara 10 mpaka 16 ya mwenzake. Majike wao hawazai vizuri. Sokwe anabweka kama ninyi."

Bata Mzinga alikuwa ameacha kusikiliza palipotajwa neno kunyamaza. Akamwamuru Paka Shume aandike azimio: mtaa unanyamaza kama Tumbili, kuanzia kesho. Nguchiro akauliza kama azimio linahusisha pia ile sehemu ya kufa kwa maelfu ya miaka. Akaambiwa atoe hoja yake kwa maandishi.

Usiku huo huo lori la kutoka mnada wa Pugu likashusha mifugo, na kati yao alikuwamo fahali mmoja wa Usukumani, mwenye pembe pana na adabu. Akatusalimu: "Mwangaluka!" Ilikuwa saa tano usiku, lakini alisema mbele yake hakuna asubuhi nyingine ya kusalimia, kwa hiyo anaitumia mapema. Aliposikia kelele za mbwa akatikisa kichwa.

"Kwetu Mwanza nimeacha watu wanatafuta dawa ya jambo hili hili. Nililishwa kwenye mteremko wa kilima cha Bugando, nyuma ya hospitali, na wauguzi wakitoka zamu huongea. Wamechukua watu 326 wenye VVU. Kila mmoja mbwa wake wako juu ya 300, hana dalili za UKIMWI, na komeo bado hajapewa. Nusu yao wanakunywa prednisoloni miligramu 5 kila siku. Nusu wanakunywa kidonge kinachofanana nacho kisicho na kitu. Miaka miwili. Mgonjwa hajui amepata kipi, na anayemgawia hajui amempa kipi."

"Prednisoloni!" Kuku mmoja akaruka kitini. "Si ndiyo ile ya pumu? Ile wanayomeza mabinti wa mjini ili wanenepe mashavu?"

"Ndiyo hiyo, mama. Kwa dozi ndogo. Kuna daktari wa Stuttgart, Ujerumani, aliona wagonjwa wake wanaoimeza mbwa wao hawapungui haraka, naye na wenzake wakaandika habari hiyo mwaka 2005. Wajerumani wengine, wa Würzburg, wakashirikiana na Bugando kuijaribu kwa haki, kwa kulinganisha. Ni dawa ya bei ya karanga. Haimgusi Panya. Inamgusa mbwa: inampunguzia hasira."

"Na kifua kikuu kikija wakati mbwa amepunguziwa hasira?" akauliza Nguchiro.

"Hilo nalo ni la kuhofia. Waliokwisha kudhoofika hawakuwachukua."

"Na matokeo?"

Fahali akafungua kinywa. Lango la machinjio nalo likafunguka, jina la kundi lake likaitwa, akainuka kwa heshima zake zote. Supu ya asubuhi ilisifiwa mpaka Spenko.

Basi mtaa wa nyuma ya machinjio ukabaki na nusu ya habari, na hakuna nchi inayoshindwa kuanzisha mradi kwa nusu ya habari. Uji wa kutuliza ukapikwa. Kila mbwa akapewa kikombe jioni. Nguchiro aliomba nusu yao wapewe maji ya unga matupu ili ulinganifu uwepo. Akajibiwa kwamba Vingunguti si Würzburg, na hapa hatuchezei wananchi.

Mwezi wa kwanza ukimya ulikuwa wa ajabu. Treni ya mizigo ilipita bila kufukuzwa. Tone likidondoka ukutani mbwa alifumbua jicho moja, akafikiri, akalifumba. Paka Shume akahesabu: mbwa wameongezeka! Shingo ya mwenyekiti ikawa ya bluu kwa furaha, bango likachorwa. Mabanda yalikuwa yamefungwa zaidi kuliko zamani, na mbwa asiyekesha huishi.

Ila mama lishe wa upande wa pili wa reli wakaanza kulalamika. Panya wamezidi, walisema, tena wanatoka kwenu. Mtaa wetu ulikuwa umeacha kumbwekea, na waumaji, kwa kukosa wa kuwaelekeza, walishinda wamejilaza. Yule Panya aliyekuwa na mabanda yake ya zamani akazaa kwa raha. Sisi tulikuwa wazima. Majirani walikuwa wanapokea ziada. Suala la jirani halikupata nafasi katika kikao chochote, na nadhani hapo ndipo kikao kilipokosea kuliko pengine pote, maana mtu mwenye virusi vingi zaidi katika damu huambukiza kwa urahisi zaidi, hata akiwa na mashavu yaliyojaa na hesabu nzuri ya mbwa.

Mwanzoni mwa 2016 akashuka shahidi wa pili. Huyu alikuwa ng'ombe jike, mkongwe, aliyekuja Pugu kwa makosa ya tajiri mwenye madeni. Alikuwa na majibu yote, na alikuwa na haraka inayoeleweka.

"Bugando wamechapisha," alisema. "Kipimo kikuu kilikuwa hiki: nani atafika kwenye UKIMWI, au kushuka chini ya CD4 200, ndani ya miaka miwili. Waliokunywa prednisoloni, 19. Waliokunywa kidonge kitupu, 28."

"Tumeshinda!" akapaza sauti Bata Mzinga.

"Bado, baba. Hata kama dawa haina kazi yoyote, bahati peke yake ingeweza kuleta pengo kama hilo, au kubwa zaidi, mara 14 hivi katika kila majaribio 100. Wenyewe wameandika waziwazi kwamba hawakuthibitisha kuwa inachelewesha ugonjwa."

"Mbwa je?"

"Mbwa waliongezeka, kwa wastani 77 kwa waliokunywa dawa, wenzao walipungua 37. Hapo bahati haihusiki. Dalili za kelele katika damu zilishuka. Lakini virusi vilipanda mara 3.2."

Ukimya. Kisha kila mmoja akachukua namba yake. Bata Mzinga akachukua 77 akaipeleka kwenye bango. Mama lishe wa ng'ambo ya reli wakachukua 3.2. Nguchiro akakaa na ile 14, ambayo hakuna mwingine aliyeitaka. Nasikia hata Panya, huko chini, alisomewa ripoti na akaomba nakala.

"Kuna jambo la majike," ng'ombe akaendelea, na masikio ya Mama Popi yakasimama. "Walipowatenganisha wanawake na wanaume, wanawake waliokunywa dawa walifika kwenye ugonjwa 11, wasiokunywa 21. Ukiwahesabu wale tu waliofuata masharti mpaka mwisho, 5 kwa 18. Wanaume, hakuna tofauti."

"Basi majike tupewe uji!"

"Mama, hesabu hiyo ilifanywa baada ya majibu kuonekana. Ukichambua mchele uliokwisha kupikwa hukosi punje nzuri. Inafaa kuulizwa upya kwa jaribio lake lenyewe."

Halafu akataja lililotakiwa kutajwa kabla ya yote. Mwezi Mei wa mwaka 2015 utafiti ulioitwa START, wenye watu 4,685 katika nchi 35, ulisimamishwa mapema kwa sababu jibu lilikwisha kuonekana: kumpa mtu komeo wakati mbwa wake bado wako juu ya 500 kulipunguza magonjwa makubwa na vifo kwa zaidi ya nusu, kuliko kumngoja ashuke. Waingereza nao, mwaka 2012, walikuwa wamejaribu kutuliza mbwa kwa hydroxiklorokwini, ndugu wa ile klorokwini ya malaria; kelele hazikupungua, virusi vilipanda, mbwa wakapungua zaidi. Ng'ombe akaangalia lango.

"Kwa hiyo," akauliza Nguchiro polepole, "swali la Bugando lilikuwa: tumsaidieje mtu anayengoja. Na jibu lilipofika, ikawa hakuna haja ya mtu kungoja."

"Ndivyo ninavyoelewa, mwanangu. Lakini swali lao halikuwa la kijinga. Wao hawakuweka ule mstari wa kungojea. Walimkuta mgonjwa kwenye foleni na wakaona aibu kumwacha mikono mitupu." Akaitwa. Alikuwa amemaliza, na ni mashahidi wachache wanaopata nafasi hiyo.

Mimi niko upande wa ng'ombe. Namheshimu aliyethubutu kulinganisha, akapata jibu lisilopendeza, akalichapisha kama lilivyo. Ninayemcheka ni yule aliyeona rahisi zaidi kumpigia hesabu mbwa wa maskini atulizweje, kuliko kupiga hesabu ya komeo. Naye anakaa kwenye vikao vingi kuliko kile cha chini ya mwembe.

Mwaka huo huo wa 2016 Tanzania iliondoa mstari. Ukipimwa ukakutwa na VVU, unaanza dawa, mbwa wawe mia moja au elfu. Makomeo yakaletwa Vingunguti kwa bajaji, na baadaye likaja komeo jipya lenye vyuma vyake vitatu ndani ya kidonge kimoja, lisilochubua miguu. Bata Mzinga alikata utepe. Uji ukamwagwa mtaroni, isipokuwa kikombe kimoja ambacho Kuku alikinywa kwa ajili ya mashavu.

Komeo lina masharti. Linataka kupakwa grisi kila siku, na siku zikirukwa linashika kutu. Panya waliolala ndani ya mabanda ya mbwa waliolala hawatoki. Komeo linawazuia kwenda banda jingine, haliwaui. Acha grisi wiki chache uone. Mama lishe ng'ambo ya reli hawajaona mgeni kutoka kwetu tangu komeo liingie, na wameacha kutumwagia maji ya moto.

Lakini ukuta wa mabwawa haujarudi kuwa kama ulivyozaliwa. Mafundi wameziba, unavuja kidogo. Usiku wa manane mbwa mmoja huamka, hubweka mara mbili, hulala. Miaka ikipita, hizo mara mbili mbili zinachosha moyo na mishipa, na watu wenye VVU waliotulia na dawa zao bado hupata maradhi ya moyo mapema kuliko majirani. Mwaka 2023 utafiti mwingine, REPRIEVE, wenye watu 7,769 katika nchi 12, Uganda ikiwamo, ulionyesha kwamba kidonge cha pitavastatini juu ya ARV hupunguza matukio makubwa ya maradhi ya moyo na mishipa kwa asilimia 35. Dawa hiyo kazi yake ya kuzaliwa ni kushusha mafuta katika damu. Inashukiwa pia kutuliza mishipa iliyokereka. Nguchiro aliposikia alicheka mpaka akakaa chini. Wazo la kutuliza mtaa lilikuwa limerudi kwa mlango wa nyuma, likiwa na kazi ndogo, nyuma ya komeo.

Bata Mzinga akataka iandikwe kwamba hilo ndilo alilolisema tangu mwanzo. Paka Shume akaandika. Tumbili akaleta madai ya nauli ya kuja na kurudi Pugu, pamoja na posho ya ndizi, nayo yakapitishwa bila kupingwa.

Katika mengineyo, Mama Popi akanyoosha mguu. Alikuwa na swali dogo la daftari. Wale mbwa ishirini na wawili ambao mtaa uliambiwa upungue kwanza, wawili kati yao wanawe, wameandikwa safu gani?

Paka Shume akafungua daftari, akalamba kidole, akapindua kurasa za mwaka ule moja moja. Akasema suala hilo liko chini ya idara nyingine. Aandike barua, nakala kwa mwenyekiti, na aambatanishe majina.

"Majina ninayo," akasema Mama Popi. "Nipe kalamu."